Kupinduka Kwenye Maganda ya Ndengu

Harufu ya maganda makavu ya ndengu ikinijia, hata nikiwa sokoni, mgongo wangu huanza kutaka kubingirika. Kwetu Kathonzweni, ndengu zikishapigwa kwa fimbo, maganda yalirundikwa nyuma ya nyumba kungojea mbuzi, na msimu ule wa darasa la tano rundo hilo lilikuwa godoro langu. Mwalimu alikuwa anatafuta watoto wa ngoma yetu ya kuruka, ile ambayo mchezaji hupinduka hewani, na asiyejua kwanza kupinduka chini hakuchukuliwa. Niliitaka nafasi ile, jamani. Lakini nilitaka zaidi kumwona Mama akipinduka. Watu walisema katika usichana wake hakuna aliyemfikia. Kisha akaokoka, akasimama mbele ya kanisa na kuziacha ngoma, na neno ulilolisema mbele ya washirika kwetu hulimezi tena.

Alinifundisha akiwa ameketi, akipepeta, kama mtu asiyefundisha. "Mwende, chuchumaa. Viganja chini. Kidevu kifuani, shingo si ya kukanyagia! Tua na mabega." Mara ya kwanza nilienda upande, na kaka yangu Mutua akaangua kicheko: "Punda ameangusha mtungi!" Mama naye alicheka, kisha akachomoa kipande cha bua kilichojificha ndani ya maganda. "Kabla ya kuruka, pekua. Bua halijui mtoto wa mtu." Samaki mkunje angali mbichi, husemwa, ingawa kwetu samaki tulimjua kwa jina tu. Nilikunjika kila jioni hadi nikaweza kuinuka bila kushika chini.

"Sasa wewe, Mama. Mara moja tu. Mutua ameenda mtoni."

Alitazama njia. Akafunga leso kwa nguvu, akachuchumaa, akaweka viganja, kidevu kikaingia kifuani kama kimeitwa.

"Bwana asifiwe, Mama Mutua!" Akina mama wa maombi walikuwa wamefika langoni.

"Amina," akajibu, akiinuka na kupangusa mikono. "Nilikuwa naokota ndengu zilizomwagika."

Mwalimu alinichagua, na Mama akaniruhusu kwa kuwa ngoma ilikuwa ya shule. Ila sikumwomba tena. Nilimwonea huruma kwa kale kauongo kadogo.

Siku hizi nafundisha watoto wa kanisa lilelile kupinduka, juu ya godoro la sponji, mbele ya madhabahu, na washirika wanapiga vigelegele. Mama huketi kiti cha mbele na mkongojo wake. Jumapili iliyopita nilimnong'oneza, "Mama, siku hizi si dhambi."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kanisa limekubali, mwanangu. Magoti ndiyo yamekataa."

Nilicheka naye, kisha nikatoka nje kupanga viatu vya watoto, ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.