Picha Asizoziona Mwalimu

Pale ofisini walimwita Bwana Matawi, na si kwa kumsifu. Kazi yake ilikuwa kuandaa vitabu vya shule visomeke kwenye kompyuta, na ukimuuliza kitabu ni nini, hakutajii karatasi wala wino. Atakwambia kitabu ni mti. Programu ikishafungua faili, kila kitu kinasimama mahali pake: kitabu ndicho shina, kimebeba sura, sura zimebeba aya na picha, na kila kipande, ambacho wao hukiita elementi, kimebandikwa sifa zake. Picha hii inatoka faili gani, upana wake kiasi gani. Akianza kueleza hayo wakati wa chai, wenzake hukumbuka ghafla kwamba wana simu za kupiga.

Sifa moja hakuwahi kuijali: ile ya maelezo ya picha. Haionekani kwenye ukurasa. Imewekwa kwa ajili ya mtu asiyeona, ili kompyuta ikifika kwenye picha imsomee kuna nini. Kwenye vitabu vyao vyote sifa hiyo ilijazwa neno moja tu, “picha”, basi. Nani angelalamika?

Mpaka macho ya dada yake yalipozima.

Dada huyu ndiye aliyemlea Bwana Matawi baada ya mama yao kufariki. Alikuwa mwalimu wa sayansi, mkali lakini wa kupendwa. Presha ya macho ilimnyemelea, akawa anajikwaa kwenye madawati na kujifanya anatafuta chaki, hadi siku alipoamka gizani. Shule ikampa kiti ofisini apokee simu. Mwalimu mzima, kupokea simu! Alivumilia weee, mwisho akamwendea mwalimu mkuu na kumwambia anataka darasa lake. Mwalimu mkuu alikuwa mama mwenye haki, ila hapendi mchezo.

“Nifundishie kipindi kimoja, darasa la sita,” akasema, “kwa kitabu hiki hiki walicho nacho watoto. Nitakaa nyuma. Ukiweza, darasa ni lako. Ukishindwa, tusisumbuane tena.”

Dada akarudi nyumbani, akavaa hedifoni, akafungua kitabu hicho, kimoja cha vile vya ofisi ya mdogo wake, kwenye sura ya viungo vya mwili. Kompyuta ikasoma aya mbili vizuri, kisha ikasema: picha. Aya nyingine, halafu picha, picha.

“Mdogo wangu,” akamwita Bwana Matawi, “hii mashine yenu ina kigugumizi?”

Bwana Matawi alicheka, lakini aibu ilimshika. “Niachie mimi, dada. Nitaitengeneza.”

Picha zilikuwa nyingi, na yeye si mtu wa kufanya kwa mkono kazi inayoweza kufanywa na programu. Akafikiri: chini ya kila picha kuna maandishi madogo yanayoitaja. Kwenye mti, maandishi hayo ni ndugu wa picha, mzazi wao mmoja, nayo yanaifuata mgongoni. Basi akaiamuru programu ipite mti mzima, kila ikikuta picha imtazame ndugu anayefuata, ichukue maneno yake na kuyaandika kwenye sifa ya maelezo. Akaijaribu kwenye kitabu cha jiografia, ikaenda kama maji. Akaifungulia kitabu cha sayansi. Kuna sifa yoyote iliyobaki na neno “picha”? Hakuna hata moja. Akaenda kula, roho kwatu.

Kumbe kitabu cha sayansi kilipangwa na mtu mwingine, na huyo aliweka maandishi juu ya picha, si chini. Ndugu aliyefuata picha ya mapafu alikuwa maandishi ya moyo. Aliyefuata picha ya moyo alikuwa maandishi ya figo. Kila picha ilivaa nguo ya jirani, na Bwana Matawi hakufungua hata ukurasa mmoja kutazama.

Siku ya kipindi alikuja akasimama kwenye korido, karibu na dirisha. Dada yake alianza vizuri, sauti ile ile ya zamani.

“Tazameni picha ya kwanza. Huo ndio moyo.”

“Mwalimu, haya ni mapafu,” akasema mtoto mmoja.

“Acha utundu. Fungua ukurasa sawasawa.”

“Hata kwangu ni mapafu,” akasema mwingine, na darasa likaangua kicheko. Dada akaifunga kompyuta, akamalizia kipindi kwa yaliyo kichwani mwake. Bwana Matawi pale koridoni alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Somo unalijua,” mwalimu mkuu akamwambia baadaye. “Lakini umemkemea mtoto aliyekuwa sahihi. Njoo tena wiki ijayo. Ndiyo mara ya mwisho.”

Nyumbani Bwana Matawi hakungoja kuulizwa. “Ni kosa langu, dada. Nimemchukua ndugu anayefuata badala ya anayetangulia. Nabadilisha mstari mmoja tu.”

“Ukibadilisha, itanisomea nini?”

“Mapafu ya binadamu.”

“Na mimi nitakuwa nimejua nini? Maneno hayo yameandikwa kwa mwenye macho, ajue anachotazama. Mimi sitazami. Kaa hapa. Picha ya kwanza, unaona nini?”

“Mapafu.”

“Hilo ni jina. Nimekuuliza unaona nini.”

Hapo ndipo alipoitazama. Vitabu vya namna hii alivishughulikia miaka, akisifu matawi yake, lakini picha zake hakuwahi kuzitazama. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

“Naona mifuko miwili ya rangi ya waridi,” akasema. “Wa kulia ni mdogo kidogo.”

“Kulia kwako, au kwa mwenye mapafu?”

“Kwangu,” akasema, akaandika. Jioni zote za wiki ile walikaa hivyo, yeye akitazama na kuandika sifa moja moja kwa mkono, dada akimbana kwa maswali. Alijiona mjinga. Lakini pia alifurahi, kwa kuwa tangu utotoni hawakuwahi tena kukaa wawili juu ya kitabu kimoja.

Kipindi cha pili kilipofika, dada alisimama mbele na hedifoni sikio moja.

“Ukiitazama picha, pafu lililo upande wa mkono wako wa kulia ni dogo,” akasema. “Kwa nini?”

“Limeuachia moyo nafasi,” wakajibu.

Walipofika kwenye moyo, mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, mbona huu mshipa umekatwa?”

“Ule mwekundu, juu? Mchoraji ameukata makusudi, uone ndani.”

Wakasonga hivyo hadi kwenye figo. Hapo msichana wa dawati la nyuma akainua mkono. Aliuinua tu akangoja aitwe, kama wafanyavyo kwa mwalimu yeyote. Dada akaendelea kufundisha, na mkono ukabaki juu.

Mwalimu mkuu akautazama mkono ule, akamtazama na msichana mwenyewe, ambaye alikuwa amesahau kabisa kwamba mwalimu haoni. Mwalimu mkuu akafunga kalamu yake; alichotaka kukiona amekiona.

“Mwalimu,” akasema taratibu kutoka nyuma, “kuna mwanafunzi wako ana swali.”