Mama Aliyeuliza Kama Ukuta Ni wa Mawe

Hii sikuambiwa na mtu. Nilimwona mimi mwenyewe, kwa haya macho, na siku hiyo sikuwa nimeonja kitu ila chai ya saa nne. Wanaotaka kucheka wacha wacheke. Mimi nilimaliza kucheka mwaka ule wa mvua ya El Nino.

Nilikuwa fundi wa mawe katika mji mmoja mdogo huku kwenye majani chai, si mbali na Kapkatet. Mto unapita katikati ya huo mji, na kila mvua kubwa ikija ulikuwa unaingia nyumba za mtaa wa chini, unabeba kuku, unabeba masufuria. Watu walilia mpaka mwishowe kontrakta akaletwa kujenga ukuta. Kazi yenyewe ni rahisi: unasuka vikapu vikubwa vya waya, unavijaza mawe, unavipanga ukingoni kimoja juu ya kingine. Maji yakija yanapiga mawe, yanarudi.

Lakini mawe yalikuja lori chache tu. Kontrakta akasema tupange mawe upande wa mbele, ule unaoonekana, na nyuma tujaze udongo na matofali yaliyovunjika. Nikamwambia, "Bosi, hii itaoshwa."

Akaniangalia kama mtu anaangalia kiatu. "Fundi, nimekuleta kufunga waya ama kunifundisha?"

Mimi nilikuwa mtu wa kuja, nimetoka Nyamira, na kazi ilikuwa shida. Nikafunga waya.

Sasa sikiliza vizuri. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, jua kali, vumbi mpaka kwa meno. Wenzangu walikuwa wameenda kula githeri, nikabaki peke yangu nikikaza waya. Nikahisi mtu nyuma yangu. Kugeuka, ni mama, bado kijana, sweta ya rangi ya maruni, mtoto mgongoni amefungwa kwa blanketi ya kijani. Alikuwa amelowa. Si jasho, ndugu yangu. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwa nywele, na matope mekundu yamemfika kifuani. Mto wenyewe wakati huo ulikuwa wa kufika kwa magoti tu. Matope hayo aliyatoa wapi?

"Chamgei," nikamsalimia.

Hakuitikia. Aliweka mkono juu ya ukuta, akauliza, "Fundi, ndani ni mawe?"

Nilidhani labda ameteleza akichota maji. Nikamjibu haraka, vile tulikuwa tumezoea kuwajibu watu wa mtaa. "Ni mawe, mama."

"Mpaka nyuma?"

"Mpaka nyuma. Wewe lala tu bila wasiwasi."

Akanitazama. Mtoto hakulia, hakusonga. Kisha akasema asante. Nikainama kuokota plaisi ya kukazia waya, na nilipoinuka hayuko. Ukingo ule ni wazi, hata kuku hana pa kujificha. Na pale aliposimama vumbi lilikuwa kavu, hakuna hata tone.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nini?

Mvua ikaja, na wiki ya tatu ukuta ukapasuka alfajiri. Udongo wetu ukayeyuka kama sukari, vikapu vikalala, mto ukaingia mtaa wa chini. Tulichimba asubuhi yote tukitafuta watu. Adhuhuri jembe langu likagusa sweta ya maruni. Nikachimba kwa mikono. Blanketi ya kijani ilikuwa bado imefungwa, na sura ilikuwa ile ile. Nilikaa chini ndani ya maji.

Bwanake aliitwa Kipkoech. Maji yalipokuja alikuwa zamu kwenye kiwanda cha chai. Baada ya mazishi nilienda kwake, nikamwambia bibi yake alikuja kwangu Jumanne ile, na mtoto mgongoni.

Akatikisa kichwa. "Jumanne hiyo alikuwa hospitali, Kapkatet. Mtoto alizaliwa jioni yake."

Akaendelea polepole, "Alipotoka nilitaka nimpeleke kwa mama yangu kule Siongiroi mpaka mvua iishe. Akakataa. Alisema akiwa kwa uchungu aliota fundi fulani akimwambia ukuta ni mawe mpaka nyuma, alale tu."

Niamini, nilitamani matope yanimeze. Nikamwambia ukweli wote, kila kikapu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema tu, "Sasa enda uwaambie wakubwa."

Nilienda. Mkubwa mmoja akaniambia mvua ni ya Mungu, akanifungulia mlango nitoke. Ukuta ukajengwa tena, na kontrakta akawa ni yule yule.

Mimi siku hizi nachuna chai. Mwiko wa fundi sishiki. Mtu akiniuliza hata njia ya kwenda sokoni, moyo unapiga kwanza ndipo nijibu. Na wewe unayefanya kazi ya mikono, ukiulizwa ndani kuna nini, sema ukweli hata kama utafukuzwa, kwa sababu hujui anayekuuliza amesimama upande gani wa kaburi. Na kama umejenga karibu na mto, tafadhali usiulize fundi. Chukua nondo, udunge ukuta wewe mwenyewe.