Nilimwambia mjane kwamba ni yeye aliyefuta sauti ya bwana yake

Kosa ni langu, na ninalisema kabla sijaanza kujitetea, maana mimi ni mtu wa kujitetea. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipenda bei ndogo, halafu nikapenda jina langu kuliko mama mjane aliyeniamini.

Kazi yangu ni kupiga video za ndoa na maziko hapa Uvira. Ninakaa Nyamianda na bibi yangu, mke wangu, na watoto wetu. Kwa sababu ya kazi hiyo watu walizoea kuniletea picha zao niwatunzie. Telefone zinaibiwa, maji yanaingia manyumbani, watu wanakimbia mikono mitupu. Basi nikachukua kompyuta moja ya zamani, nikaiweka kwenye pembe ya salon, pale tunapopokea wageni, ikawa serveri yetu ya nyumbani. Ilibaki tu kuinunulia diski za nje, kubwa, maana video zinakula nafasi.

Deo, kaka ya bibi yangu, ni fundi wa mashini, hizi kompyuta. Alinishauri ninunue mbili ndogo kwenye butiki inayotoa garanti, ikiharibika wakubadilishie, na zisiwe za aina moja, ili moja ikiugua nyingine ibaki nzima. Akaongeza: hata ukipata ya bei nafuu, kabla hujaweka kitu cha mtu, ijaze mpaka mwisho na vitu vya bure, halafu ufungue kimoja kimoja uone kama vinasoma. Ni kazi ya siku mbili, tatu hivi.

Niliitikia kwa kichwa. Kesho yake nikashuka Kalundu, nikamkuta mwanaume amepanga bidhaa mezani karibu na bandari. Alikuwa na diski nyeusi, zimeandikwa tera nane, na mbili zake zilikuwa bei ya moja ndogo ya butiki. Boksi hakuna, fakture ya kuonyesha nimelipa hakuna. Nilipomuuliza mbona ni rahisi hivyo, alijibu kwamba wengine wanalipia boksi. Nikacheka naye. Nikanunua mbili, pacha kabisa, na nikamwambia Deo nimeshazijaribu.

Sikuzijaribu hata saa moja.

Jumapili moja Mama Furaha alikuja kutoka Mutarule. Ni mimi niliyepiga video ya maziko ya bwana yake. Yule baba alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache, lakini siku zake za mwisho alichukua telefone ya bibi yake akajirekodi akiongea na watoto wake kwa majina. Aliwaambia shamba la bondeni ni la nani. Akamwomba Furaha, mtoto wake wa kwanza, msamaha kwa kumtoa masomoni. Aliyeisikia sauti hiyo ni mama peke yake. Sasa telefone ile ilikuwa imejaa na kuchoka, na mama aliogopa itakufa na sauti ndani.

Niliingiza sauti kwenye serveri, kopi moja kwa kila diski. Nikamwambia sasa tuifute kwenye telefone, ipate kupumua.

"Weye uko na hakika?" akaniuliza.

"Mama, hapa kwangu iko salama kuliko benki."

Nilifuta mwenyewe, kwa kidole changu hiki.

Nikaendelea kuweka video za watu wengine, ndoa juu ya ndoa. Halafu Furaha akaposwa, na mama akarudi kuchukua sauti ile, wageni waisikie siku ya mahari. Nikatafuta, nikaliona jina: Papa ya Furaha. Nikafungua, kimya. Nikaenda kwenye diski ya pili, kimya. Nikajaribu video zangu za kwanza. Majina yote yalikuwepo, ndani hakuna kitu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma yangu, ananingoja.

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Badala yake nikamgeukia na uso wa fundi, nikamwambia sauti ilikuja ikiwa tayari imeharibika, labda alibonyeza vibaya kabla ya kuniletea.

"Basi ni minye, mimi mwenyewe," akasema. Akafunga telefone yake ndani ya kitambaa, akaniomba samahani kwa kunisumbua. Aliniomba samahani mimi!

Nilimpelekea Deo diski zile. Alipofungua moja, alikuta ndani imekwama kadi ndogo ya memori kama ya telefone, na kipande cha chuma kimebandikwa na gundi ili ikuwe na uzito. Alinieleza kwamba diski ya namna hiyo inaidanganya mashini kuwa ni kubwa. Ikijaa, inaandika kipya juu ya cha zamani, inabakiza jina tu. Ya pili ilikuwa vilevile. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama niliwahi kuijaza kwanza.

Miezi ikapita nikiwa nimefunga mdomo. Siku moja bibi yangu alikuwa anachambua lengalenga, akanisimulia habari za Mutarule. Furaha hasemi na mama yake. Watoto wanasema mama alifuta sauti ya baba kwa kusudi, ili shamba libaki mikononi mwake. Siku ya mahari alikalishwa nyuma kama mgeni. Bibi yangu akashangaa, mwanamke gani anaweza kufanya hivyo.

Nikamwambia ni nani aliyefanya. Aliweka mboga chini.

"Utaenda lini?"

Kesho yake asubuhi nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, na diski iliyopasuliwa ndani ya mfuko. Nilimkuta mama anaanika mihogo, nikamweleza nikiwa nimesimama. Hakulia wala hakunitukana. Alituma watu wamwite Furaha na wadogo zake wawili wanaume, akangoja wakae.

"Sema tena," akaniambia. "Anzia kule mwanzo."

Nikasema yote: meza ya Kalundu, kidole changu, uongo wangu. Furaha hakuniangalia. Alimwangalia mama yake.

"Mama, mbona ulikubali ni weye?"

"Nilimwamini muntu wa mashini."

Furaha akapiga magoti kwenye mihogo ile, akamshika mama yake miguu. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama aliniambia amenisamehe, ila ile miezi ambayo watoto wake walimwita mwizi, hiyo siwezi kuirudisha.

Kutafuta diski ya bei nafuu si zambi, ndugu msomaji. Lakini ijaze kwanza, isome, na usifute kitu cha mtu kule kilikotoka mpaka umekiona kinafunguka kwenye diski mbili zisizofanana. Na kikiharibika mikononi mwako, sema siku ileile, mwenyewe akiwa bado amekaa mbele yako.

Minye nilichelewa. Wadogo za Furaha hawasalimiani mpaka leo, na neno la mama yao peke yake hawalikubali. Kila mmoja anaapa kwamba baba alimpa yeye shamba la bondeni, na mtu wa kuwaamua ni yule niliyemfuta.