Mikono Iliyopakwa Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini kama afisa ustawi wa jamii, katika kituo kimoja cha afya jijini Arusha, Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo, alinipa onyo moja tu: "Dada, hapa hatumwulizi mteja ukoo wake." Nililipenda. Miaka ilivyokwenda, nilianza kujiuliza lilikuwa linamlinda nani.

Mteja niliyemhofia kuliko wote alikuwa Nasieku, mama kijana wa Moshono aliyeugua sonona, ile huzuni nzito inayomnyima mtu usingizi na chakula. Alizaliwa katika ukoo wa wahunzi, ilkunono kwa Kimaasai, ambao wenzao waliwahesabu kuwa najisi. Watu wa zamani walipaka mikono mafuta kwanza ndipo wakapokea kisu cha mhunzi, ili unajisi usiwashike. Kwa majirani, Nasieku alijitambulisha kwa ukoo mwingine.

"Aendelee hivyo hivyo," Mganga Mfawidhi aliniagiza. "Ukimrudisha kwa wahunzi wenzake, unamrudishia aibu."

Naye alikuwa Mmaasai, ila si wa ukoo wa wahunzi. Sikujua kama alisema hayo kama daktari au kama mtoto wa kwao.

Nasieku alizidi kukonda. Majirani wakicheka nje, aliamini wanamcheka yeye. Kikombe alichonywea kikisuuzwa mara mbili, hakulala. "Wameshajua, mama?" aliniuliza kila tulipoonana.

Nikampeleka Tengeru, kwa wanawake wa kihunzi wanaouza visu na kengele za ng'ombe sokoni.

"Karibu, mkimbizi!" mmoja alimpokea. "Moshono wamekuchoka?"

Nasieku alilia, kisha akala. Dawa hakuacha, na dharau haikuisha. Lakini sasa, akitukanwa, alikuwa na watu wa kumsikiliza na kutukana naye.

Siku ya kuagwa kwangu, wanawake wale waliniletea kisu kirefu. Mganga Mfawidhi aliomba kukitazama. Nasieku alipomnyooshea, daktari alitoa kikopo cha mafuta mfukoni, akajipaka viganja taratibu.

"Baridi ya Arusha inakausha ngozi," alisema, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Nilimtazama Nasieku, nikaogopa kwamba kazi yote imebomoka.

"Paka mpaka viwiko, daktari," alisema. "Chenyewe kirefu."

Wenzake walicheka mpaka soda zikamwagika.

Kama ilikuwa baridi kweli, sijui. Nimestaafu, na bado naikagua mikono ya kila anayenisalimu. Nasieku ananiambia yeye aliacha kuikagua siku ile.