Basi la Klabu Nililigeuza Gari la Mazishi

Mimi ndiye niliyeiua klabu yetu ya raga. Si vita, si volkano, si benki. Ni mimi, mzee mwenye mvi, niliyekuwa nikiitwa Papa Prezida mtaani kote.

Nimewaacha watu wa Goma waamini mengine. Ukiuliza leo kwa nini klabu ile ilianguka, utaambiwa vita ilikuja, benki zikafungwa, pesa zikabaki ndani. Wanaosema hivyo si waongo. Wanarudia tu uongo wangu. Ulitoka kinywani mwangu mimi!

Naandika bila jina, unisamehe. Bado naona aibu kupita barabarani. Lakini mambo yenyewe nitakueleza yote, kama vile umeketi mbele yangu.

Klabu yetu ilikuwa kitu cha kushangaza huku kwetu. Wengine walicheza raga kwa kupenda tu. Mchezo ukiisha wanarudi kwenye pikipiki zao na vibanda vyao. Wachezaji wetu walikuwa na kontra ya kazi na mshahara wa kila mwezi. Kukimbiza mpira ule wenye umbo la yai ndiyo ilikuwa kazi yao. Walioa kwa mshahara huo, walilipa kodi ya nyumba kwa mshahara huo.

Na pesa zilitoka wapi? Kwenye basi.

Hadji, mfanyabiashara ambaye baba yake alitoka Maniema, ndiye aliyetununulia. Hakuwa mtu wa kugawa pesa. Alituambia, "Nikiwapa franga, mutakula, zitaisha. Nawapa bisi. Iyi bisi njo shamba ya ekipe. Muilime."

Siku za kazi basi lilibeba abiria na magunia ya maharage kati ya Goma na Rutshuru. Siku ya mechi lilibeba wachezaji. Kilichopatikana kililipa mishahara, na sehemu yake iliwekwa benki kwa matibabu, maana raga huvunja watu.

Hadji akanipa mimi uprezida kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi ya kupanga magari kwenye parking. Sikusoma sana, sekondari tu, lakini barabara ile niliijua, na mashofere na hila zao niliwajua. Aliniwekea sharti moja: "Kila mutu mwenye kupanda analipa. Ata mimi."

Nikacheka. Sharti rahisi namna hii!

Kisha nyanya wa mchezaji wetu mmoja akafariki, pale Munigi. Unajua misiba ya kwetu. Watu ni wengi, makaburi yako mbali, gari la kukodi ni bei. Wazee wa familia wakaja kwangu, kofia mikononi.

"Papa Prezida, tunakuomba bisi tu ya kwenda kuzika. Mafuta tutaweka siye wenyewe."

Ungekuwa wewe, ungekataa? Mtu amefiwa, amesimama mlangoni kwako! Nikatoa.

Baada ya kuzika, kabla watu hawajatawanyika, mtu wa familia husimama kuwashukuru waliosaidia. Ndivyo tunavyofanya. Akamshukuru padri, akaishukuru kwaya, akamshukuru mkubwa wa mtaa. Kisha akapaza sauti: "Na zaidi ya bote, tunamushukuru Papa Prezida. Bila yeye tungebeba mama yetu ku mabega!"

Watu wote wakageuka kunitazama.

Ee ndugu yangu! Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo bila mtu hata mmoja kunitaja kwa wema mbele ya watu. Nilikuwa mtu wa kupiga filimbi kwenye parking, wa kutukanwa na abiria mvua ikinyesha. Leo natajwa pamoja na padri! Nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana.

Huo ndio ulevi wangu. Nililewa shukrani za makaburini.

Habari ikaenea. Wakaja majirani, wakaja watu wa kanisa, wakaja hata watu wa Himbi wenye magari yao wenyewe uani. Sikumkatalia mtu. Na watu wengi huzikwa mwisho wa wiki, siku zile zile ambazo wasafiri wa Rutshuru walikuwa wengi na basi lingejaa. Abiria walilingoja, wakachoka, wakapanda mengine. Waombolezaji nao waliahidi mafuta. Wengine walitia, wengine walisema tutaona baada ya matanga. Nani atamdai mtu kwenye matanga?

Shofere wetu ndiye aliyeanza kunionya, kwa mzaha wake.

"Papa Prezida, abiria ba Rutshuru banalipa kwenda na kurudi. Bale benye unanipa weye, kila safari mumoja anabakia kule, na bale bengine banarudi bure!"

"Nyamaza. Hiyo ni baraka."

"Baraka haiingiake mu reservwari ya mafuta, Papa."

Nyumbani mke wangu naye hakuninyamazia. "Unagawa bisi ya bantu kama vile ulizaliwa nayo," aliniambia. Nikamjibu kwamba siku yake ikifika, yeye hatakosa gari. "Siku yangu ikifika," akasema, "matairi yatakuwa yalisha kwisha." Nikacheka tena. Nilikuwa nikicheka sana wakati ule.

Siku moja dada yake Hadji alifariki, na Hadji akalichukua basi kumzika. Kesho yake akaja ofisini, akaweka mezani malipo ya safari nzima.

"Lakini Hadji, basi si lako?"

"Apana. Ni ya batoto benye kucheza. Pokea."

Nikapokea huku nikimsema moyoni. Tajiri gani huyu, mchoyo hata kwa msiba wa dada yake! Kumbe alikuwa ananionyesha njia, na mimi sikuona kitu.

Unazijua njia za kwenda makaburini, mawe ya lava matupu. Basi likavunjika chini, likatengenezwa, likavunjika tena. Mishahara ikaanza kuchelewa. Wachezaji wakija nawaambia wiki ijayo, na wiki ijayo nawaambia wiki ijayo. Mmoja akauza viatu vyake vya kuchezea. Mwingine akachukua pikipiki ya kubeba watu, hakurudi mazoezini. Tukawa tunaenda kwenye mechi bila wachezaji wa akiba. Halafu siku moja, katikati ya mlima, mashine ya basi ikafa.

Wakati huo Hadji alikuwa ameshahamia Kampala na familia yake. Benki ilihitaji sahihi yangu peke yake. Nikaenda nikatoa pesa yote ya matibabu, nikamlipa fundi. Nilijiambia: basi likifanya kazi vizuri kwa muda, nitairudisha, hakuna atakayejua.

Hata franga moja haikuingia mfukoni mwangu. Naapa! Lakini ukiniuliza leo mimi na mwizi tunatofautiana wapi, nitakuambia sioni.

Basi likatoka kwa fundi likinguruma vizuri. Halijabeba abiria hata mmoja wa kulipa, mjumbe akanifikia: kuna mzee wa mtaani amefariki, kaburi liko mbali, watu ni wengi.

Shofere akanishika mkono. Hakuwa na mzaha siku hiyo. "Papa, nakuomba. Mashine bado mupya. Iyi moja ukatae. Iyi moja tu!"

Ningekataa vipi? Ndivyo nilivyojiuliza. Kumbe kukataa ni neno moja tu. Nikavaa koti langu, nikakaa mbele. Watu walijaa mpaka mlangoni. Tulipoanza kupanda kwenye mawe, mashine ikachemka, ikapiga mlio mmoja mkubwa, ikanyamaza. Mpaka leo haijawaka. Tulimalizia njia kwa miguu, maiti mabegani. Na pale kaburini bado walinishukuru! Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Haukupita muda, kapiteni wetu akaumia mchezoni. Nitamwita Bahati, ingawa si jina lake. Kijana mpole, baba wa watoto wadogo. Walimwangukia wawili, goti likapinda upande ambako halipaswi kupinda. Dakitari akasema mshipa wa ndani umekatika, apasuliwe mapema, maana akichelewa goti litaharibika moja kwa moja.

Kontra yake ilisema klabu ndiyo itakayomtibu. Akaletwa kwangu kwa pikipiki, mguu umenyooshwa pembeni.

"Papa, dakitari anasema tufanye mbio."

Nikamwambia anipe siku kidogo. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa natafuta maneno tu.

Na ndipo vita ikaingia mjini, benki zote zikafungwa. Mungu anisamehe ninachokuambia sasa. Mji mzima ulilia, na mimi nilishusha pumzi! Nilikuwa nimepata pa kujificha. Kila mwenye pesa benki alishika kichwa, nami nikashika changu pamoja nao.

"Pesa yako iko, Bahati. Iko ku bank. Wakifungua tu, siku ile ile unaenda hospitali."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa prezida wake. Nilikuwa nimemzikia nyanya yake, yule wa Munigi.

Siku nyingine akaja kwa magongo, akakaa, akanywa maji. Nikaona ana neno.

"Papa, nakuuliza kama baba. Ile parseli yenye baba aliniachia ku Munigi, kuko mutu anaitaka. Iko na franga mukononi. Nimupatie, nikapasuliwe? Ao ningoje bank?"

Ndugu msomaji, kiwanja kile ndicho kilichokuwa goti lake. Hapo hapo, kwenye kiti kile, ningemwokoa. Neno moja tu: uza! Lakini nikimwambia uza, ataniuliza kwa nini. Nitamjibu nini? Na bado nilitaka kuwa baba mwema, Papa Prezida wa watu. Nikatoa sauti ya busara, nikasema:

"Usiuze urithi ya baba yako, mutoto wangu. Ngoja kidogo. Bank haiwezi kufungwa milele."

"Aksanti, Papa. Njo maana nilisema nikuulize weye kwanza."

Akashika magongo yake akaondoka, amefarijika. Mnunuzi hakungoja, alinunua kwingine.

Baada ya hapo alikuwa akipita kila mara. Hakuja kwa ukali, alisimama tu kwenye lango. "Papa, ku bank balisha fungua?" Nami: "Bado, mutoto wangu." Mke wangu alisikia akiwa jikoni. Yeye alijua. Wakati wa chakula alikuwa akiniwekea sahani na kuondoka.

Kisha Bahati akarudi kwa dakitari, akaambiwa wakati umepita. Goti limekauka vibaya. Hata apasuliwe leo, kukimbia hakuna tena, atatembea na fimbo maisha yake yote. Alikuja kuniambia habari hiyo yeye mwenyewe, na unajua alisema nini?

"Usihuzunike, Papa. Si weye. Ni vita."

Alikuwa ananifariji! Mimi!

Sikuweza zaidi. Nilimfuata kwake, nikamkuta na mkewe, nikawaambia wote wawili kila kitu, tangu nyanya wa Munigi mpaka saini ya benki. Nilitamani anipige. Nilitamani anitukane, aite watu. Hakufanya hivyo. Alilitazama goti lake, kisha akaniuliza:

"Ile siku ya mwisho ya bisi, ni nani mulikuwa munazika?"

Nikafungua kinywa. Jina halikuja. Nilitafuta sura yake, mtaa wake, watoto wake, sikupata kitu! Pesa ya mguu wa mtoto huyu nilimpa mtu ambaye simkumbuki hata jina.

"Sijui," nikasema.

Bahati akamgeukia mkewe. "Mama, nisaidie nisimame." Wakaingia ndani. Nikabaki uani peke yangu.

Nimempigia Hadji pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Sina cha kulipa. Nyumba ninayokaa ni ya kupanga, na hata ningekuwa na maghorofa ya Himbi nzima, goti lile haliuzwi sokoni. Wachezaji waliobaki wametawanyika. Basi limekaa kwa fundi bila matairi, watoto wa mtaa wanachezea ndani. Kila asubuhi naamka nikitafuta la kufanya, na hakuna.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayeshika mali ya wengine, klabu, kanisa, chama cha akina mama, chochote kile: usione raha kutoa kisicho chako. Watakushukuru, ndiyo, na atakayelipa ni yule ambaye hayupo pale kaburini.

Lakini kama umeshakosea kama mimi, basi nakuomba hili moja. Kuna mtu uliyemwambia "ngoja, pesa ipo", nawe unajua haipo. Usilale na neno hilo. Usifikiri kwamba amekaa tu. Kila siku anayokungoja, kuna mlango mwingine anaukataa kwa sababu yako. Nenda umwambie leo: hakuna. Atakuchukia, na acha akuchukie! Angalau atainuka akatafute kwingine, wakati miguu yake bado inaweza kumfikisha.