Zamu ya Mwalimu Ugbad

Mwalimu Ugbad wa shule moja ya msingi mjini Garissa alikuwa na marufuku moja tu darasani: mtoto haulizwi ni wa ukoo gani. Ukitaka kumjua mwenzako, alisema, muulize anapenda nini. Wazazi wakaja juu. Kumzuia mtoto kuhesabu mababu zake, walisema, ni kumfanya yatima baba yake akiwa hai. Mwalimu mkuu, mtu wa kupenda usingizi wake, akalisimamisha somo la usawa ambalo Ugbad alilifundisha.

Kwa hiyo mswada wa kumlinda mwalimu anayefundisha usawa ulipoletwa kwa wananchi watoe maoni, Ugbad aliwahi ukumbini. Mswada ukianguka, somo lake limekwisha.

Mwenyekiti, mzee Korane, akatangaza utaratibu: kila ukoo msemaji mmoja, ili asionewe mtu.

Ugbad akaduwaa. Akatazama huku na huku aone nani atacheka, hakucheka mtu. Tena walitaka haki kweli, masikini, na hapo ndipo kichwa kilipozidi kumzunguka. Akanyoosha mkono.

"Wewe ni ya nani?" akauliza Korane.

"Mimi ni mwalimu, adeer," akajibu Ugbad, akimwita ami kwa Kisomali.

"Mwalimu iko mingi. Wewe ni ya nani, nibatie wewe nafasi?"

Ugbad alitaka kukataa. Lakini maikrofoni ilikuwa pale, na ulimi ukamtangulia: jina lake, la baba, la babu, akapanda nao mmoja mmoja mpaka kwa yule anayejulikana na wote. Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Maikrofoni ikaja.

Akasema, na alisema vizuri. Hata waliomnunia wakatikisa vichwa kukubali. Alipokaa alisikia furaha na aibu kwa pamoja, asijue ashike ipi.

Kikao kilipofungwa, Maka wa darasa la sita alimfuata mlangoni, mkono mmoja katika mkono wa mama yake. Ukoo wao una watu wachache mno. Zamu zilipogawanywa hawakutajwa kabisa. Mama alikuja na neno lake, na alikuwa anarudi nalo nyumbani.

"Mwalimu," Maka akauliza, bila ubaya wowote, "sasa tunaruhusiwa kuulizana?"

Ugbad akamtazama mama. Mama naye alikuwa anasubiri jibu.