Simu ya Kuamkia Harusi

Siku ya kuamkia harusi yangu ninaikumbuka kuliko harusi yenyewe, mwanangu. Nyumba yetu ya Ilala ilijaa mashangazi, vyungu na vigelegele. Hata mawazo yalikosa pa kukaa. Alasiri Bi Mwanahawa, somo yangu aliyenifunda, akamaliza kunipaka hina mikono na miguu, akawafukuza wengine wote chumbani. "Mwari atulie, hina ikauke."

Nikatulia. Sikuwa nimetulia tangu posa ilipokuja. Katika ule ukimya likanijia jambo nililokuwa nikilikimbia. Idi, mchumba wangu, aliniambia nikiolewa niache kibanda changu cha mitumba pale Mchikichini, nami nikaitikia "ndiyo" ili mambo yasiharibike. Nilimpenda Idi. Lakini kibanda kile nilikianza na furushi moja la magauni, na moyoni nilijua siachi. Kesho shehe ataniuliza kama nimeridhika. Nijibu nini? Nikisema kweli, huenda ndoa ikavunjika na wapishi wako uani. Nikinyamaza, naanza maisha kwa uongo.

Machozi yakanitoka, na kwa ile hina mikononi kuyafuta siwezi. Bi Mwanahawa akayafuta kwa ncha ya kanga yake, nikamweleza. Nilidhani atanibembeleza, akanijia juu.

"Mwanangu, mficha uchi hazai! Leo unaogopa kusema naye, kesho utaishi naye vipi? Simu iko wapi?"

Akavaa miwani, akatafuta jina. Nilikuwa nimemwandika "Wangu". Akacheka, akacheka tena, kisha akaniwekea simu sikioni.

Nikamwambia Idi yote.

"Rehema," akasema, "yale yalikuwa maneno ya mama. Niliogopa kumkatalia. Mbona hukusema siku ile?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Tukaangua kicheko, na Bi Mwanahawa akatuzidi, maana alikuwa ametega sikio.

Mama mkwe alininunia, sikufichi. Baadaye akawa anakuja kibandani kuchagua magauni kabla sijayatundika!

Mwanangu, Bongo ina kelele, na kelele humsaidia mtu kujikimbia. Usiuogope ukimya. Ukitulia, moyo ukakuambia kwamba neno ulilolitoa si la kweli, rudi ukaliseme upya, hata kama watu wamekwisha kualikwa. Anayekupenda atakasirika, kisha atapoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu akujalie ulimi unaopatana na moyo wako, na nyumba isiyokosa vicheko.